Maji ya uzazi yamepungua: unywe maji, ulazwe au uanzishiwe uchungu?

Umetoka chumba cha utrasaundi na karatasi imeandikwa "liquor reduced", au pana herufi AFI na namba ndogo mbele yake. Aliyepima amesema tu, "Mama, maji yamepungua, mwone daktari." Kuanzia hapo ushauri hauishi. Mama mkwe anasema kunywa maji. Duka la dawa wanataka utundikiwe dripu. Zahanati inasema rudi baada ya wiki mbili, hospitali nyingine inasema upasuaji leo leo. Baadhi yao wanaweza kuwa sahihi, ila kwa mimba tofauti. Yanayoamua ni mambo matatu, na yana mpangilio wake: kipimo kinaaminika kiasi gani, maji yanavuja au hayatengenezwi, na mimba ina wiki ngapi. Wengi hukimbilia hatua kabla ya kuyajibu.

AFI au dimbwi moja

Kuanzia wiki ya 16 hivi, sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto. Anakojoa, anameza, anakojoa tena. Mimba ikikaribia kukomaa hutoa zaidi ya nusu lita ya mkojo kwa siku. Maji hufikia kilele karibu na wiki ya 34, kama mililita 800, hushuka taratibu hadi wiki ya 40, na mimba ikipitiliza hushuka haraka. Utrasaundi haipimi mililita hizo moja kwa moja. Anayepima hukadiria kwa sentimita, na ana njia mbili.

Ya kwanza ni AFI. Tumbo hugawanywa robo nne kwa kupitia kitovu, kila robo hutafutwa dimbwi lenye kina kirefu kuliko mengine, kisha vina vinne hujumlishwa. Jumla ikiwa 5 au pungufu huitwa maji yamepungua. Kati ya 5 na 8 ni mpakani. 8 hadi 24 ni kawaida. Ya pili ni dimbwi moja tu lenye kina kuliko yote, ambalo kwenye karatasi huandikwa SDP, DVP au MVP. Chini ya sentimita 2 yamepungua, 2 hadi 8 ni kawaida.

Njia hizi hazikubaliani kila mara. Chukua karatasi yenye robo nne hizi: 1.8, 0, 2.4 na 0.4. Jumla ni 4.6, kwa hiyo kwa AFI mama huyu ana upungufu. Lakini dimbwi lake kubwa ni 2.4, kwa hiyo kwa njia ya pili yumo ndani ya kawaida. Majaribio yaliyolinganisha njia hizi yalionyesha kwamba AFI huwapa wanawake wengi zaidi jina la "maji kidogo", ikasababisha wengi zaidi kuanzishiwa uchungu na kupasuliwa, na watoto wao hawakutoka wakiwa na hali bora kuliko wa kundi la pili. Ndiyo maana tunapendelea dimbwi moja liwe msingi wa uamuzi. Kama karatasi yako ina AFI peke yake, rudi uombe kina cha dimbwi kubwa kiandikwe. Ni kazi ya dakika chache. Mapacha ni lazima wapimwe kwa dimbwi moja kwa kila mtoto kwenye chupa yake. AFI haiwafai, na haifai pia kwa mimba changa.

Kipimo chenyewe nacho huharibika kwa mambo madogo. Kifaa kikikandamizwa sana tumboni, dimbwi hubanwa na kuonekana dogo. Kikilazwa upande badala ya kusimama wima kuelekea sakafuni, kina hutoka cha uongo. Vikunjo vya kiungamwana (kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma) vikihesabiwa kama maji, mama mwenye upungufu hupewa namba nzuri, na kosa hilo ni baya kuliko yote kwa sababu humrudisha nyumbani akiwa ametulia. Dimbwi halali halina kiungamwana wala kiganja cha mtoto ndani yake. Na mama aliyesafiri tangu alfajiri kutoka Magu au Misungwi kuja Mwanza mjini bila kunywa kitu anaweza kupimwa akiwa amekaukiwa. Kama mtoto anacheza vizuri na hakuna dalili nyingine, kurudia kipimo siku hiyo hiyo au kesho yake baada ya kunywa maji ni busara kuliko kuamua kwa karatasi moja.

Yanavuja au hayatengenezwi

Hapa ndipo njia zinapogawanyika kabisa. Yakivuja, adui mkubwa ni maambukizi na uchungu kuanza kabla ya wakati. Yasipotengenezwa, mara nyingi kondo la nyuma ndilo limechoka: mtoto anapata damu kidogo, mwili wake unaipeleka kwenye ubongo na moyo, figo zinabaki na kidogo, mkojo unapungua.

| | Maji ya uzazi | Mkojo | Ute |
|---|---|---|---|
| Yanavyotoka | Kwa kishindo, au matone yasiyokoma. Huwezi kuyazuia | Ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua ndoo | Kidogo kidogo siku nzima |
| Rangi | Kama maji, au njano iliyopauka sana | Njano | Mweupe au maziwa |
| Harufu | Hafifu, si ya mkojo | Ya mkojo | Hafifu. Ukinuka na kuwasha ni maambukizi |
| Kwenye pedi | Yanasambaa na kulowesha hadi chini | Yanalowesha sehemu moja | Unabaki juu, unateleza |

Jaribio la nyumbani: kojoa umalize, vaa pedi safi nyeupe au kipande cha kanga safi, lala nusu saa, kisha simama na utembee. Maji yaliyojikusanya ukeni ukiwa umelala hushuka unaposimama. Pedi ikilowa, nenda kituoni nayo, usiitupe. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amejisaidia humo. Yakiwa na damu, au yakinuka vibaya, usisubiri nusu saa yoyote.

Kituoni, kipimo kinachofaa ni kuingiza kifaa safi cha kufungulia uke na kutazama kama kuna maji yamejaa nyuma au yanachuruzika kutoka mlango wa kizazi ukikohoa. Karatasi ya kupima asidi husaidia, kwa kuwa uke una asidi na maji ya uzazi hayana, lakini damu, shahawa, sabuni na baadhi ya maambukizi huidanganya. Kitu kimoja ukumbuke: kama uchungu haujaanza na mimba haijakomaa, kidole hakitakiwi kuingia kupima njia. Kila kidole husukuma vijidudu juu, na muda wa kukaa salama unafupika. Una haki ya kuuliza kwa upole, "Nesi, tunaweza kutazama kwa kifaa kwanza?"

Kama hayavuji, tafuta sababu. Presha na kifafa cha mimba kinachonyemelea huongoza, na mara nyingi mtoto pia anakuwa mdogo kuliko wiki zake. Dalili ya mwanzo huwa kwenye kadi ya kliniki: kati ya wiki ya 20 na 36, urefu wa tumbo kwa sentimita hulingana na wiki, zikizidi au kupungua mbili. Wiki 33 na sentimita 29 ni jambo la kufuatilia hata kabla ya utrasaundi. Kupitiliza ni sababu nyingine, ila hakikisha umepitiliza kweli. Tarehe iliyokadiriwa na utrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache, ile ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea hadi wiki tatu. Mama akija na karatasi tatu zenye tarehe tatu tofauti, ya zamani zaidi ndiyo inayofuatwa.

Halafu kuna dawa, na hizi hatuzisisitizi vya kutosha. Diklofenaki, ibuprofeni na indomethasini, zinazonunuliwa kama pipi kwa maumivu ya kiuno, hupunguza kazi ya figo za mtoto. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila sababu ya kitabibu. Dawa ikisimamishwa, maji mara nyingi hurudi ndani ya siku chache, kwa hiyo hii ni sababu ya kufurahia kuipata. Sindano ya diklofenaki ni ileile. Maumivu ya kawaida yanatosha paracetamol. Aspirini ndogo ya kila siku aliyokuandikia daktari kuzuia kifafa cha mimba haimo katika katazo hili, usiiache. Kundi la pili ni dawa za presha: captopril, enalapril, lisinopril, losartan na ndugu zao. Hizi usizikatishe ukakaa bila kitu, nenda siku hiyo hiyo ubadilishiwe uwekwe kwenye methyldopa, nifedipine au labetalol.

Maji yakipungua sana kabla ya wiki ya 24 na hakuna uvujaji, kipimo kinachofuata ni cha figo na kibofu cha mtoto, kwa daktari bingwa. Mapafu hukua kwa kujazwa maji katika kipindi hicho, na mtoto asiye na figo, au ambaye njia yake ya mkojo imeziba, ana hali nzito isiyotatuliwa kwa unywaji.

Kunywa au dripu

Kunywa kunashinda, na si kwa sababu ni bure. Katika majaribio yaliyofanyiwa wanawake wenye upungufu, kunywa lita 2 ndani ya saa mbili hadi nne kulipandisha AFI kwa wastani wa sentimita 2 hivi. Dripu ya chumvi na ya Ringer, ambazo ndizo hutundikwa mara nyingi, hazikuongeza kitu kinachopimika. Sababu yake ni hii: maji ya kunywa hulegeza ukali wa chumvi kwenye damu ya mama, maji yakavuka kondo kwenda kwa mtoto, naye akakojoa zaidi. Dripu hizo zina chumvi karibu sawa na damu, kwa hiyo haziachi tofauti ya kuyavusha. Dripu ina kazi yake kwa mama anayetapika, anayeharisha au aliyepungukiwa damu kwa kuvuja. Kulipia dripu tatu "za kuongeza maji ya mtoto" ni kupoteza hela ya nauli.

Namna ya kunywa: chupa nne za nusu lita, moja kila baada ya nusu saa hadi saa, kisha upimwe tena saa chache baadaye. Baada ya hapo lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku, na zaidi kidogo miezi ya joto. Uji mwepesi unahesabika. Maji ya ziwa au ya kisima yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa ya kusafishia maji, kwa sababu kuhara ni njia ya haraka ya kuyapoteza yote uliyokunywa.

Kuna wasiotakiwa kunywa kwa mtindo huo. Mwenye presha kali ya mimba, mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo anaweza kujaza maji mapafuni. Huyo anywe kawaida na afuate kiasi alichopewa wodini. Na kwa maji yanayovuja, kunywa hakuzibi tundu. Hata panapofaa, nafuu ya maji ya kunywa ni ya muda. Inakupa kipimo cha kweli na pengine siku kadhaa, haiponyi kondo lililochoka.

Nyumbani, wodini au kujifungua

Kukaa nyumbani kunafaa kwa mama mmoja tu katika mlolongo huu: dimbwi ni 2 au zaidi, presha ni nzuri, hakuna uvujaji, mtoto ana ukubwa wa wiki zake na anacheza, na nyumbani si mbali na hospitali. Kwake, kipimo cha maji hurudiwa mara moja au mbili kwa wiki, na mtoto anahesabiwa kila siku. Chagua saa ambayo huwa anacheza, lala ubavu wa kushoto, hesabu. Mara 10 ndani ya saa mbili zinatosha. Zisipofika, au kama uchezaji umebadilika waziwazi tangu jana, nenda siku hiyo. Usisubiri asubuhi, wala usimwamshe kwa soda ukaridhika na teke moja.

Kulazwa ni kwa anayevuja kabla ya wiki ya 34, na kwa yeyote ambaye upungufu wake umefuatana na presha au mtoto mdogo. Kwa anayevuja, wodi hutoa erythromycin miligramu 250 kila baada ya saa 6 kwa siku 10, na kama kujifungua kunatarajiwa ndani ya wiki moja, kati ya wiki 24 na 34, sindano za kukomaza mapafu: deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, jumla nne. Joto la mwili, mapigo ya mama, harufu ya maji na maumivu ya tumbo hukaguliwa kila siku. Maambukizi yakiingia, wiki hazihesabiwi tena, mtoto anatolewa. Wanawake wengi huomba ruhusa siku ya tatu kwa sababu "sina maumivu yoyote". Lakini maambukizi ya chupa yakishaleta maumivu, tayari yamefika mbali.

Kati ya wiki 34 na 37 mambo si mepesi. Anayevuja bila maambukizi anaweza kusubiri kwa uangalizi au kuanzishiwa, na mizani hiyo hupimwa na daktari kwa kuangalia pia uwezo wa hospitali kutunza watoto njiti. Asiyevuja, mwenye dimbwi chini ya 2 na mtoto mwenye hali nzuri, kabla ya wiki ya 36 hufuatiliwa mara mbili kwa wiki kwa mashine ya mapigo ya moyo kwa dakika 20 hadi 30 na utrasaundi inayoangalia pumzi, mijongeo, ukakamavu wa misuli na maji. Mtoto akiwa mdogo, kipimo cha mtiririko wa damu kwenye kiungamwana ndicho chenye sauti kuliko vyote. Damu ikionekana kukatika au kurudi nyuma, hata dimbwi la sentimita 3 halitamtuliza daktari, wala halipaswi kukutuliza wewe.

Mimba ikikaribia kukomaa, hesabu hugeuka. Dimbwi likithibitishwa kuwa chini ya 2, miongozo ya madaktari wa uzazi wa Marekani inaelekeza kujifungua kati ya wiki 36 kamili na wiki 37 na siku 6. Chupa ikipasuka wiki ya 37 au zaidi, uchungu uanzishwe ndani ya saa 24. Na aliyefika wiki 41 kwa tarehe za uhakika anaanzishiwa hata kama maji bado yapo.

Uchungu au kisu

Maji kidogo peke yake si sababu ya upasuaji. Mtoto aliyetanguliza kichwa, mwenye mapigo mazuri, hupewa nafasi ya kuzaliwa kawaida. Kisu hutangulia pale mtoto anapokuwa amekaa matako na hakuna nafasi ya kumgeuza, mapigo yanapokuwa mabaya kabla ya uchungu, mtiririko wa damu unaporudi nyuma, au pana makovu mawili ya nyuma. Ukiambiwa upasuaji, uliza ni ipi kati ya hizo. Kovu la leo huongeza hatari ya kondo kujishika vibaya katika mimba zijazo, na kwa mama anayetaka watoto wanne hilo si jambo dogo.

Kuanzishiwa kuna njia mbili kuu. Misoprostol hutolewa mikrogramu 25 kila saa mbili kwa mdomo. Kidonge kilichozoeleka kina mikrogramu 200, kwa hiyo huyeyushwa kwenye mililita 200 za maji na mama hunywa mililita 25. Kukikata kwa wembe vipande vinane huleta vipande visivyolingana, na kipande kinene huleta uchungu mkali unaofuatana bila kupumzika. Aliye na kovu la upasuaji hapewi. Njia ya pili ni mpira wenye puto linalojazwa maji ndani ya mlango wa kizazi. Unapanua taratibu bila kuchochea uchungu mkali, ndiyo maana unavutia panapokuwa na maji kidogo.

Tatizo la uchungu kwenye maji kidogo ni kiungamwana kubanwa. Maji ndiyo mto unaokitenga na mwili wa mtoto. Yakikosekana, kila uchungu unaweza kukifinya na mapigo kushuka. Wodi inayokuanzishia inatakiwa iweze kusikiliza mapigo kila dakika 15 hadi 30, bora zaidi kwa mashine mfululizo, na iwe na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Zahanati haifai kwa hili. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, ambazo kanda yetu ya Ziwa inazijua vizuri, hazina kipimo wala hazizimiki zikishanywewa. Pamoja na misoprostol zinaweza kupasua kizazi. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga kabla hajaanza. Atakasirika dakika moja, kisha atajua la kufanya.

Umbali

Kwa mkazi wa Nyakato, Igoma au Kirumba jijini Mwanza, uchaguzi ni kati ya hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure na hospitali ya kanda ya Bugando. Mimba iliyokomaa yenye maji kidogo tu na mtoto mwenye afya haihitaji Bugando. Hospitali yenye upasuaji inatosha. Mimba chini ya wiki 34 inayovuja, mtoto aliyedumaa au figo zenye shaka, ielekee kwenye wodi ya watoto njiti na madaktari bingwa mapema, maana kumhamisha mtoto akiwa tumboni ni salama kuliko kumhamisha akiwa kwenye kanga.

Kwa aliye Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko, na ufuatiliaji wa kwenda na kurudi umewezekana. Kwa aliye Ukerewe, Ukara au Kome hesabu ni nyingine: usafiri wa majini una ratiba yake, na ziwa likichafuka hauna hata ratiba. Huyo, dimbwi likishakuwa chini ya 2, asipangiwe kurudi kila baada ya siku tatu kana kwamba anakaa Mabatini, mjini Mwanza. Ahamie bara kwa ndugu, au kwenye nyumba ya akina mama kusubiria kujifungua kama hospitali anayopelekwa inayo, kuanzia wiki anayopewa rufaa. Dharura ikitokea, namba 115 ya m-mama ni ya bure na hupangia mama usafiri wa kwenda kituo kinachofaa. Unapopiga, taja wiki za mimba, rangi ya maji, saa yalipoanza kutoka na kama mtoto anacheza. Beba kadi ya kliniki, karatasi zote za utrasaundi hata ya kwanza kabisa, na maganda ya dawa ulizotumia mwezi huo.